Zimwi la Shimo la Tano

Umeme ulipokatika Kilembe hatukuulizana.
Tulibeba vigoda, tukakimbilia kwa Masika,
mpishi wa kantini ya mgodi,
mikono yake ikinuka vitunguu hata Jumapili,
naye alikuwa na swali moja tu:
"Leo meno mangapi?"

"Arobaini!"
"Mia!"
Baluku, ambaye yake mwenyewe yalikuwa yameng'oka mawili,
alitaka mia na moja, na la ziada liwe la dhahabu.

Basi zimwi lilitoka Shimo la Tano,
likiburuta mguu, likipumua kama boila,
likikwangua mwamba kwa kucha,
krrr, krrr,
mpaka nywele zikatusimama na mkojo ukatubisha hodi.
Na pale pale, lilipoinama kumtafuna mchimbaji,
lilisita. Likanusa.
Likauliza kama kuna chumvi.

Tulicheka mpaka vigoda vikaanguka.
Zimwi la Masika halikupata kula mtu hata mmoja:
mara ugali wa muhogo umelikwama kooni,
mara linaogopa kuvuka daraja, linaomba kushikwa mkono,
mara lina minyoo, na muuguzi wa zahanati
analikimbiza na sindano.

Lakini baada ya kicheko hakuna aliyethubutu
kwenda chooni peke yake.
Tulikwenda saba, kila mmoja ameshika shati la mwenzake,
treni ya waoga,
na behewa la mwisho, mara nyingi nikiwa mimi,
lilihisi pumzi shingoni.
Nisikudanganye: niliipenda ile pumzi.
Mwili wote uliwaka kama njiti ya kiberiti.
Nilijua lipo. Nilijua halipo.
Nilijua kuna mlango, na nyuma ya mlango kuna mama.

Kisha mto Nyamwamba ukaja.
Haukuburuta mguu. Haukukwangua ukuta.
Hakuna aliyeulizwa meno mangapi.
Ulibeba mawe makubwa kama malori,
ukabeba kantini, masufuria, vigoda,
ukambeba mzee Thembo pamoja na redio yake.
Wahenga husema zimwi likujualo halikuli likakwisha.
Mto ulitujua.
Ulitufulia nepi sote.

Usiku wa tatu, katika darasa tulikolala,
watu sitini, mablanketi ishirini,
tulisikiliza maji tu.
Ndipo gizani ikatoka sauti ya Masika, imekwaruzwa na baridi:
"Basi... zimwi nalo lilikuwa linaoga."

Kimya. Mtu akasonya.

"Povu machoni. Likasikia ngurumo.
Likasema, nani tena huyu ananiigiza?"

Kimya.

"Sasa hivi lipo juu ya mparachichi,
uchi kama ndizi iliyomenywa,
na chupi yake imeshafika Ziwa George."

Aliyeanza ni Baluku. Kwikwi moja, kama chafya.
Kisha mama yangu, ambaye hakuwa amefumbua mdomo tangu Jumatano.
Kisha mjane wa Thembo, akicheka, akilia, akicheka,
akimpiga Masika mgongoni,
"Ishia hapo! Ishia hapo, mwanamke!
...Chupi ya rangi gani?"

Leo naishi Kasese mjini, nina taa, nina geti.
Binti yangu Kabugho hakubali kulala bila zimwi.
Mke wangu hunilaumu: unamtia mtoto hofu.
Simtii. Anayo tayari, alizaliwa nayo,
kubwa, haina uso, haina pa kushikia.
Mimi naitia miguu tu,
na tumbo linalonguruma wakati wa sala.

Mvua inaanza kugonga mabati.
Nageuza sikio kidogo, upande wa mto.
"Baba," ananivuta, "niulize basi."
"Leo meno mangapi?"
Anafikiri sana, ulimi shavuni.
"Moja," anasema. "Na linacheza."